Padri Bartolomé de las Casas na Watu wa Mashamba

Watoto wote wa Kongo wanajua muhogo. Mama anatwanga unga, na jioni tunakula bukari na sombe. Lakini muhogo si mmea wa kwetu tangu zamani. Wareno waliuleta kutoka Amerika katika merikebu zao, katika karne ya 16. Kabla ya hapo wakulima wake walikuwa watu wengine, mbali sana, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Katika visiwa vya upande ule waliishi Wataino. Walipanda muhogo juu ya matuta ya udongo, wakaukuna, wakaukamua maji yake yenye sumu, wakaoka mikate myembamba juu ya vigae vya moto. Habari ya padri tunayosoma sasa ni habari ya watu wale na mashamba yale.

Bartolomé de las Casas alizaliwa Sevilla, mji mkubwa wa Hispania, mwaka 1484. Alikuwa mtoto wa miaka kama minane wakati Christophe Colomb alipovuka bahari mara ya kwanza, mwaka 1492, akafika visiwa vya Amerika. Colomb alidhani amefika Uhindi. Ndiyo sababu Wazungu waliwaita wenyeji wa Amerika Wahindi, na jina lile la kosa likabaki. Mwaka uliofuata Colomb alirudi huko na merikebu 17. Pedro, baba yake Bartolomé, alikuwa mmoja wa wasafiri. Aliporudi Sevilla alimletea mwanawe zawadi: kijana wa Kitaino awe mtumishi wake. Colomb alikuwa amewagawia wenzake watu kama vile mtu anavyogawa mbuzi. Malkia Isabella aliposikia alikasirika sana, akaamuru watu wale warudishwe kwao. Hivyo Bartolomé alimjua Mhindi wa kwanza nyumbani kwao, naye alikuwa mtumwa.

Mwaka 1502 Bartolomé mwenyewe alipanda merikebu. Alikuwa na miaka kama 18. Alisafiri pamoja na gavana mpya, Nicolás de Ovando, aliyekuwa na merikebu 30 na watu kama 2,500. Walishuka katika kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kina nchi mbili, Haiti na Jamhuri ya Dominikana. Wengi wa wale 2,500 hawakuja kulima. Walikuja kuokota dhahabu, kama vile dhahabu inaning'inia mitini kama maembe. Walikimbilia machimbo na mifuko yao ya chakula, chakula kikaisha, homa ikawapata, na zaidi ya 1,000 wakafa.

Basi nani atachimba dhahabu? Na nani atalima chakula cha wachimbaji? Wahispania waliobaki walikuwa wachache, na wengi wao waliona kazi ya jembe ni aibu. Mwezi wa Desemba mwaka 1503 malkia alitoa ruhusa wenyeji walazimishwe kufanya kazi. Barua yake ilisema kwamba hao ni watu huru, walipwe mshahara, wafundishwe dini. Gavana alilishika neno la kulazimisha. Maneno mengine yalibaki katika karatasi. Kila Mhispania mwenye cheo alikabidhiwa chifu mmoja na watu wake: huyu 50, huyu 100, mwingine zaidi. Mpango ule uliitwa enkomienda, yaani kukabidhi. Ilisemekana kwamba Mhispania amekabidhiwa watu ili awalinde na kuwaonyesha njia ya Injili. Kweli ni kwamba alikabidhiwa nguvu za mikono yao, bila kununua.

Angalieni sasa jinsi vijiji vilivyovunjika. Wanaume walichukuliwa kwenda machimboni, mwendo wa siku nyingi kutoka kwao. Mwanzo walikaa huko miezi sita, halafu nane. Wanawake walipelekwa mashamba ya mabwana kuinua matuta ya muhogo. Hawakuwa na majembe ya chuma. Walichimba kwa miti iliyochongwa na kukaushwa motoni. Mume na mke walionana mara moja tu katika miezi minane, na siku ile wote wawili walikuwa wamechoka hata hawana furaha. Mama alilima siku nzima mtoto akiwa mgongoni, naye hakula vizuri, basi maziwa yakakauka, na mtoto akafa. Huku nyumbani mashamba ya kijiji hayakulimwa, kwa sababu wenye mashamba walikuwa mbali wakiwalimia wengine. Zamu ilipokwisha, mchimbaji alipewa mikate michache ya njia. Wengi hawakufika. Walikutwa wamelala chini ya miti, wamekufa. Aliyetoroka alitafutwa kwa mbwa. Haya yote Bartolomé aliyaandika baadaye, kwa maana aliyaona kwa macho yake.

Mwaka 1508 Wataino wa Hispaniola walihesabiwa wakaonekana kama 60,000. Mwaka 1514 walihesabiwa tena, wakaonekana kama 26,000. Wanadamu walipungua upesi kuliko dhahabu! Mabwana waliposhindwa kupata wafanyakazi kisiwani, hawakuuliza kwa nini watu wanakufa. Waliuliza wapi watapata wengine. Mfalme Ferdinand akawapa ruhusa kwenda visiwa vya Bahama, ambako hakuna dhahabu. Watu wa huko walidanganywa kwamba watapelekwa kuwaona wazee wao waliokufa, katika nchi ya raha. Waliingia merikebuni kwa maelfu. Visiwa vya Bahama vikabaki bila watu, na wale waliohamishwa walimalizika katika machimbo, na wengine baharini, wakizamia kutafuta lulu.

Je, Bartolomé alifanya nini wakati huo? Tusifiche. Alikuwa bwana kama wengine. Alikuwa na shamba la muhogo katika Hispaniola, alikuwa na Wataino aliokabidhiwa, na baadhi yao aliwatuma kuchimba dhahabu. Hakuwapiga, wala hakuwanyima chakula. Lakini kuhusu roho zao hakujisumbua kuliko mabwana wengine. Yeye mwenyewe alikiri hivyo katika uzee wake. Tena alikuwa mtu wa Kanisa. Mwaka 1510 aliimba Misa yake ya kwanza katika mji wa Concepción de la Vega. Watu walikuja kutoka pande zote za kisiwa, karamu ikawa kubwa, ila divai ya kunywa haikuwapo, kwa kuwa merikebu za Hispania zilikuwa zimechelewa.

Mwaka ule ule mapadri wa shirika la Mtakatifu Dominiko walifika Hispaniola. Walikuwa maskini, kanisa lao lilikuwa la nyasi. Waliwatazama watu wa machimboni na wa mashambani mwaka mzima, wakasali, wakapatana. Dominika ya nne ya Majilio, mwaka 1511, mmoja wao aitwaye Antonio de Montesinos alihubiri mbele ya gavana na wakubwa wote. Aliwaambia waziwazi kwamba wako katika dhambi ya mauti kwa ajili ya ukatili wao. Aliwauliza kama Wahindi si wanadamu wenye roho. Wakubwa walitoka wamekasirika, wakaenda kwa mapadri kutaka Montesinos ayafute maneno yake. Dominika iliyofuata kanisa lilijaa. Montesinos alipanda tena mahali pa kuhubiri, akayasema yale yale kwa ukali zaidi, akaongeza kwamba wenye kuwashika Wahindi hawataondolewa dhambi katika kitubio.

Bartolomé naye alikwenda siku moja kuungama kwa padri Mdominiko, naye akakataliwa kwa sababu hiyo. Alibishana. Padri alimjibu kwa upole, lakini hakumwondolea. Bartolomé akaondoka na Wahindi wake akawaweka vilevile.

Mwaka 1513 alikwenda kisiwa cha Cuba pamoja na askari waliokuwa wakikiteka. Kazi yake ilikuwa kubatiza na kuwatuliza wenyeji. Katika kijiji cha Caonao watu waliwapokea askari kwa mikate ya muhogo na samaki, wakakaa chini kuwatazama farasi, ambao hawajapata kuwaona. Ghafula askari mmoja alichomoa upanga, na wote wakafuata. Waliwakata watu waliokaa, wanaume, wanawake, wazee na watoto. Bartolomé alikimbia huku na huku akipiga kelele kuwazuia, asiweze. Kwa nini walifanya hivyo? Hata wenyewe hawakuwa na sababu ya kumwambia mtu.

Vita vilipokwisha, gavana wa Cuba, Diego Velázquez, aliwagawa wenyeji kama ilivyokuwa Hispaniola. Bartolomé na rafiki yake, Pedro de la Rentería, walipata kijiji kizuri karibu na mto Arimao. Rentería alikuwa mtu mwema mwenye kupenda sala. Kazi ya kusimamia shamba aliiacha kwa padri. Nami naona hapa ni ajabu: mtu aliyelia damu ya Caonao, muda mfupi tu baadaye alikuwa akipanga matuta, akiwatuma watu machimboni, akihesabu faida. Macho yalikuwa yameona, na moyo ulikuwa bado.

Mwaka 1514, karibu na sikukuu ya Pentekoste, alitafuta mahubiri ya kuwaambia Wahispania. Alifungua Biblia, katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 34. Alisoma pale kuhusu sadaka inayotolewa na mali ya maskini, na kuhusu mtu amnyimaye kibarua ujira wake, jinsi Mungu anavyomhesabu sawa na mwuaji. Alikaa siku nyingi akiyafikiri maneno hayo. Alikumbuka Montesinos, akamkumbuka yule padri aliyemkatalia kitubio. Mwisho aliona kwamba kila franga ya shamba lake ni mali ya kuiba, na kwamba hawezi kuwahubiri wengine akiwa na watu wake mwenyewe shambani.

Lakini ilikuwapo shida. Alijua kwamba akiwaacha Wahindi wake, hawatakuwa huru. Gavana atampa mtu mwingine, na huyo mwingine labda atawaua kwa kazi. Kwake angalau walikula. Je, awaache au asiwaache? Aliamua kuwaacha, kwa sababu asingeweza kufunga kinywa cha mabwana wote ikiwa yeye bado ni bwana. Na kweli, watu wale wa Arimao walipewa mabwana wengine, nao wakateswa hata wakafa. Bartolomé aliijua habari hiyo maisha yake yote.

Alimwendea kwanza gavana Velázquez, akamwambia kwa siri. Gavana alishangaa: padri kijana, njia ya utajiri iko wazi mbele yake, anaitupa! Alimpa siku 15 za kufikiri. Padri alijibu kwamba siku hizo zihesabiwe kuwa zimekwisha pita. Siku ya Kupalizwa mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti 1514, katika mji wa Sancti Spíritus, aliwatangazia wote kanisani, akawaeleza kwamba nao hawawezi kuokoka wasiporudisha. Walitoka kanisani kama watu walioota ndoto.

Rentería hakuwapo. Alikuwa amekwenda Jamaika kununua nguruwe na mbegu za shamba. Padri alimwandikia arudi upesi. Walipoonana, kila mmoja alikuwa na neno la kumwambia mwenzake. Rentería alianza. Wakati wa Kwaresima alikuwa amesali kwa watawa wa Mtakatifu Fransisko, akawaza kuwaombea Wahindi, angalau wajengewe shule ambamo watoto wao wataokoka. Padri alipomweleza lake walifurahi sana kuona kwamba Mungu amewasemesha wote wawili, kila mtu katika kisiwa chake. Waliuza vitu vyote vilivyoletwa kutoka Jamaika, na fedha ile ikawa nauli ya padri kwenda Hispania kumwona mfalme.

Alifika Hispania mwaka 1515, akamwona mfalme Ferdinand mwezi wa Desemba. Mwezi wa Januari mfalme akafa. Akaanza tena kwa kardinali Cisneros, ambaye mwaka 1516 alimpa cheo cha Mlinzi wa Wahindi. Kardinali alipokufa, akaanza tena kwa mfalme mpya, Charles wa Tano. Mawakili wa mfalme wenyewe walikuwa na Wahindi na mashamba huko Amerika. Ni vigumu kumwomba fisi ahukumu kesi ya mbuzi.

Padri alikuwa na shauri jipya. Mashamba ya Amerika yalimwe na wakulima wa Hispania wenyewe, wahame na wake zao na majembe yao, wakae pamoja na Wahindi kama jirani na jirani. Alizunguka vijijini akiwaita. Maskini wengi walitaka kwenda, lakini mabwana wa ardhi waliwazuia, kwa kuwa walihofu kubaki bila wa kuwalimia. Wachache waliovuka naye mwaka 1520 walitawanyika walipofika Puerto Rico, kila mtu kutafuta mali yake. Kijiji chake cha amani, katika pwani ya Cumaná, kikavunjika.

Na katika miaka ile ile alifanya kosa ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita kimya. Mabwana walimwambia kwamba watawaachilia Wahindi wakipewa watumwa weusi badala yao. Naye alikubali, akaiandika katika mashauri yake kwa mfalme. Watumwa weusi walikuwa wameanza kupelekwa Hispaniola kabla ya hapo; si yeye aliyeanzisha. Lakini alisaidia mlango ufunguke zaidi. Mwaka 1518 mfalme Charles alitoa ruhusa ya kupeleka watumwa 4,000 kutoka Afrika, na wafanya biashara wakainunua ruhusa ile. Wengi walitiwa katika mashamba ya miwa ya Hispaniola, kukata na kusaga sukari mchana na usiku. Mwezi wa Desemba mwaka 1521 watumwa wa shamba moja, lililokuwa la mtoto wa Christophe Colomb, waliasi. Wengi wao walikuwa watu wa pande za Senegali. Na huku kwetu, mwaka 1526, Afonso wa Kwanza, mfalme mkristu wa Kongo, alimwandikia mfalme wa Ureno kumlalamikia kwamba wafanya biashara wanawakamata watu wake kila siku, hata watoto wa wakubwa na ndugu zake. Watu wengi wa ufalme wake walipitishwa kisiwa cha São Tomé, wakapelekwa Amerika.

Mwaka 1522 Bartolomé, mwenye huzuni kwa ajili ya Cumaná, aliingia shirika la Mtakatifu Dominiko, lile lile la padri aliyemkatalia kitubio. Alikaa kimya miaka mingi, akisoma na kuandika. Mwaka 1537 Papa Paulo wa Tatu alitangaza kwa wakristu wote kwamba Wahindi wa Amerika ni wanadamu kweli, na kwamba ni haramu kuwanyang'anya uhuru wao au mali zao. Bartolomé akarudi Hispania, na mwaka 1542 mfalme Charles akatoa sheria mpya: Mhindi asifanywe tena mtumwa kwa sababu yoyote, hata vitani, na bwana mwenye enkomienda akifa, watu wake wasirithiwe na watoto wake.

Mfalme akataka kumpa uaskofu wa Cuzco, wenye mali nyingi. Akaukataa. Akakubali Chiapas, jimbo maskini kusini mwa Meksiko, akafika huko mwaka 1545, umri wake miaka 60. Pasaka ilipokaribia alikataza mapadri wasimwondolee dhambi mtu anayeshika watumwa. Mji ukawaka moto. Walimtukana, wakamtishia kumwua, wakamnyima mapato ya Kanisa. Katika Peru mabwana waliasi, na mwaka 1546 wakamwua mjumbe mkuu wa mfalme. Charles aliogopa. Alikuwa ameisha kuifuta, mwaka 1545, ile sheria ya kukataza urithi. Askofu akaondoka Chiapas, na mwaka 1547 akarudi Hispania. Hakuvuka bahari tena. Mji uliomfukuza leo unaitwa San Cristóbal de las Casas.

Miaka ya 1550 na 1551, huko Valladolid, alishindana kwa maneno na mwalimu mkubwa, Juan Ginés de Sepúlveda, aliyefundisha kwamba watu wengine wamezaliwa ili watumikie. Askofu alisoma maandiko yake siku tano. Waamuzi walirudi makwao bila kutangaza nani ameshinda.

Enkomienda zilififia polepole, lakini mashamba makubwa ya Wahispania yaliongezeka. Wahindi wengi waliacha vijiji vyao kwa kukimbia kodi na zamu za machimbo, wakahamia kwenye mashamba yale. Bwana aliwalipia kodi, akawakopesha nguo na mahindi, na deni likawafunga pale, mara nyingi baba na mtoto wake.

Katika uzee wake Bartolomé aliandika kitabu kikubwa cha habari za Amerika. Alipokuwa akikiandika alisoma vitabu vya Wareno, akajua jinsi watu weusi walivyokamatwa katika Afrika: kwa hila na kwa vita visivyo vya haki. Ndipo alipoandika kwamba utumwa wa weusi ni dhuluma sawasawa na utumwa wa Wahindi, na kwamba shauri lake lilikuwa baya. Aliongeza kwamba hakuwa na hakika kama ujinga wake na nia yake njema vitamtolea udhuru mbele ya hukumu ya Mungu.

Alikufa Madrid, tarehe 18 Julai 1566, mwenye miaka zaidi ya 80, katika nyumba ya Wadominiko. Kitabu chake alikuwa amekiacha kwa watawa wa Valladolid, akiagiza kisitolewe nje kabla ya miaka 40. Kilikaa zaidi ya 300. Kilianza kuchapwa Madrid mwaka 1875.